Mkojo unaniponyoka nikikohoa na nikiinua beseni: kwa miaka 64, misuli bado inafundishika?

Mama_wa_Kadutu (Bukavu)

Jambo yenu wamama. Na nyinyi wababa mnaosoma kimyakimya, jambo yenu pia.

Naandika hapa kwa sababu nyumbani jambo hili halisemeki. Nina miaka 64. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sasa nauza sambaza kavu, wale samaki wadogo wa ziwa, sokoni Kadutu. Nimezaa watoto saba, wote kwa njia ya kawaida, na wa nne alikuwa mkubwa, alinichana vibaya. Nina tansio, yaani shinikizo la damu, nakunywa dawa kila siku. Sukari sijawahi kupimwa.

Shida yangu ni mkojo, na unanijia kwa namna mbili. Namna ya kwanza: nikikohoa, nikicheka, au nikiinua beseni kutoka chini kwenda kichwani, matone yanatoka. Si mengi, ila yanatosha kulowesha kitenge. Na kukohoa nakohoa sana, kikohozi kikavu kisicho na homa, kimenishika tangu mwaka jana. Kwenye kwaya ndiyo aibu yenyewe. Mimi ni soprano, na kuna wimbo wetu wa sadaka unaopanda juu ghafla. Pale nafungua mdomo tu, sauti siitoi. Mwalimu wa kwaya anadhani koo limechoka, na mimi namwacha adhani hivyo.

Namna ya pili: natoka soko vizuri, napanda mlima wote na mzigo wangu, sina haja yoyote. Nikitia ufunguo mlangoni tu, haja inanivamia. Choo chetu kiko nyuma ya nyumba. Kabla sijazunguka ukuta, imekwisha.

Nimepunguza maji: kikombe cha chai asubuhi, halafu nakaa mkavu hadi jioni. Mkojo umekuwa mzito wa rangi, unanuka na unachoma kidogo, lakini kuponyoka kuko palepale. Kwenye kituo cha afya muuguzi aliniambia bila kuinua uso kwenye daftari, "Mama, ni uzee huo." Jirani kaniletea mizizi ya kuchemsha. Mkamwana wangu akanionyesha kwenye simu video ya mama anayefundisha kukaza misuli ya chini. Kila usiku nalala chali, nabana pumzi, nakaza tumbo, nasukuma kwa nguvu zote mpaka uso unawaka moto. Naona kama mambo yanazidi. Jioni nasikia hata uzito fulani huko chini, hasa siku ya soko kubwa.

Kwa hiyo nauliza: kwa bibi wa umri wangu misuli hiyo bado inasikia, au najichosha bure? Nitajuaje kama nakaza penyewe? Na msiniambie niache kubeba. Nikiacha kubeba, nyumbani hatuli.

---

Binti_wa_Birere (Goma)

Pole sana mama. Kabla ya mazoezi, nenda upimwe mkojo na sukari. Mama yangu mzazi tulimhangaikia mwaka mzima tukidhani ni kibofu kimelegea, kumbe sukari ilikuwa juu: anakunywa maji mengi, anakojoa mengi, usiku hana usingizi. Walipoishusha, nusu ya shida iliondoka yenyewe. Na huo mkojo unaochoma unaweza kuwa maambukizi, ambayo nayo yanamfanya mtu akimbilie choo kila saa. Kipimo cha kijiti hakichukui muda.

Mizizi ya jirani mwekee jirani. Unakunywa dawa ya tansio, hujui vitakavyogombana humo tumboni.

---

Kine_wa_Bukavu

Mama, shikamoo na aksanti kwa kuandika wazi hivyo. Mimi ni kine, mtaalamu wa tiba ya misuli na viungo, na wamama wa umri wako ndio ninaowaona zaidi kwa jambo hili. Wengi wanakuja wamekwisha kukaa nalo miaka kumi kwa sababu ya hiyo sentensi ya "ni uzee". Nitaandika kirefu, unisamehe.

Umri una mchango wake, sikatai. Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni inashuka, na utando wa uke na wa njia ya mkojo unakuwa mwembamba na mkavu. Nyuzi za misuli zinapungua kama zinavyopungua mkononi na mguuni. Kuzaa kwa njia ya kawaida, tena mtoto mkubwa, kunaivuta misuli na kunauvuta mshipa wa fahamu unaoiamuru. Lakini msuli ni msuli. Wa mama wa miaka 70 ukipewa kazi unaongeza nguvu, polepole kuliko wa binti wa miaka 25, lakini unaongeza. Ndiyo maana miongozo ya tiba ya Uingereza inataka mwanamke anayevuja kwa kukohoa, au kwa namna zote mbili kama wewe, afanyishwe kwanza mazoezi haya kwa miezi 3 angalau, chini ya mtu anayejua, kabla ya kuzungumzia operesheni. Haikuweka mpaka wa umri.

Sasa misuli yenyewe. Inaanzia kwenye mfupa wa kinena mbele na kwenda hadi kifandugu nyuma, imetandazwa chini ya kibofu, kizazi na utumbo mkubwa, ikivishika kama kitenge kinavyomshika mtoto mgongoni. Njia tatu zinapita katikati yake: ya mkojo, ya uzazi na ya haja kubwa. Ukikohoa, tumbo linasukuma kila kitu kwenda chini. Kwa mwanamke ambaye misuli yake inafanya kazi, misuli inakaza sekunde moja au chini ya hapo kabla kikohozi hakijatoka, inaubana mrija wa mkojo, na hakuna kinachopita. Kwako ama imelegea, ama inachelewa. Kuchelewa kunasahaulika sana. Nimeona wamama wenye msuli wa nguvu kabisa wanaovuja kwa sababu tu unaamka baada ya kikohozi kupita.

Lililonishtua kwenye maelezo yako ni neno "nasukuma". Mama, acha kusukuma leo hii. Kusukuma ni kazi ya kuzaa na ya haja kubwa, inashusha kila kitu chini. Mazoezi haya yanapandisha. Na si wewe peke yako: utafiti wa Marekani wa mwaka 1991 uliwachunguza wanawake 47 walioelezwa kwa mdomo tu, na kama robo yao walikuwa wakifanya kitu ambacho kingeweza kuongeza kuvuja. Daktari Arnold Kegel, aliyeandika kuhusu mazoezi haya mwaka 1948, hakuwa akiwaambia wanawake "kaza" na kuwaacha waende. Aliwapima kwa kidole, akatengeneza na kifaa chenye mshale ili mama aone kwa macho yake kama kinachokaza ni chenyewe. Video ya simu haina kidole wala mshale.

Fanya hivi. Lala chali, magoti umeyakunja, au lala ubavu kama mgongo unakusumbua. Wazia uko kanisani na hewa inataka kukutoka, unaizuia. Sehemu ile ya nyuma inajikunja na kuingia ndani. Sasa peleka mvuto huo mbele, hadi kwenye njia ya mkojo, halafu juu kuelekea kitovuni. Makalio yawe laini, mapaja laini, tumbo la juu laini. Hesabu kwa sauti ya kusikika: moja, mbili, tatu. Ukiweza kuhesabu kwa sauti, maana yake hujabana pumzi. Kisha legeza kabisa, na usikie imeshuka. Kulegeza ni nusu ya kazi, na wengi wanaisahau.

Kupima penyewe, chukua kioo kidogo. Ukikaza, ngozi iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa inatakiwa kujivuta ndani. Ikitokeza nje, unasukuma bado. Au osha mkono vizuri, ingiza kidole ukeni: utasikia kimebanwa na kuvutwa juu. Najua wengi mtaona haya. Ni mwili wako mwenyewe, mama, na watoto saba wamepita hapo. Kine akikupima atakupa alama kutoka 0 hadi 5: 0 hakuna kinachosogea, 3 msuli unainuka, 5 unakibana kidole kwa nguvu na hautoki hata ukivutwa. Ukifika tu kwa mtu, mwombe akwambie alama yako, ili baadaye ujue kama umepanda.

Ukiweza kushikilia sekunde tatu tu, anza na tatu. Pumzika muda uleule au zaidi, rudia hadi mara 8. Fanya hivyo mara tatu kwa siku. Wiki zikipita ongeza hadi sekunde 10. Mwishoni mwa kila awamu weka michache ya harakaharaka, kaza na kuachia, kwa sababu kikohozi hakisubiri msuli wa polepole. Ukishazoea kulala, fanya ukiwa umekaa, halafu umesimama, kwa maana huvuji ukiwa kitandani, unavuja umesimama na beseni. Na usifanye kwa kukatakata mkojo chooni, video nyingi zinafundisha hivyo. Kujaribu mara moja ili uujue msuli si neno, ila ukifanya mazoea kibofu kinajifunza kutojimaliza.

Sitakwambia uache kubeba, naujua mji huu. Lakini kabla ya kuinua, kaza kwanza, ndipo uinue huku ukitoa pumzi. Kaza kwanza, ndipo ukohoe. Kaza kwanza, ndipo upige chafya. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani waliwafundisha wanawake wazee waliokuwa wanavuja kidogo jambo hili moja tu, na wiki moja baadaye matone ya kikohozi yalikuwa yamepungua sana, kabla msuli wowote haujapata muda wa kunenepa. Ni mbinu ya wakati, si ya nguvu. Na kama kuna mtoto sokoni wa kukusaidia kulipandisha beseni, akupandishie. Kilo zilezile zikishakaa kichwani hazikusumbui kama zile sekunde za kuzitoa chini.

Hiyo ya ufunguo ni jambo lingine. Hapo kibofu chenyewe kinajikaza bila ruhusa, kwa sababu kimezoea: mlango, kisha choo. Ukikimbia unakipa ushindi, tena unakimbia juu ya msuli uliochoka na mlima. Simama. Shika mlango. Kaza harakaharaka mara tano au sita bila kubana pumzi. Msuli wa chini ukikaza, kibofu kinapata ujumbe wa kutulia. Subiri lile wimbi lipite, na linapita kweli, halafu tembea, usikimbie. Baadaye utaanza kukizoesha: kama unakwenda kila saa, ongeza robo saa, wiki ijayo nyingine. Kwa kibofu tunahesabu wiki 6 angalau.

Rudisha maji. Mkojo mzito unakichokoza kibofu, na kukaa mkavu kunakuletea maambukizi. Lita moja na nusu kwa siku, umeitawanya, upunguze saa mbili kabla ya kulala. Chai nyeusi na kahawa ndizo za kupunguza.

Uzito wa jioni unanipa sababu ya kukuita uchunguzwe. Inaweza kuwa kizazi au ukuta wa kibofu umeshuka. Ikiwa kidogo, mazoezi haya haya yanasaidia. Ikiwa kimefika mlangoni mwa uke, kuna pete ya silikoni inayowekwa ukeni kukishikilia, na kuna operesheni. Kioo kitakuonyesha kama kuna kinachojitokeza.

Ukiona damu kwenye mkojo, damu ukeni baada ya hedhi kukoma miaka yote hiyo, au ganzi ya ghafla kwenye makalio na kati ya miguu pamoja na miguu kukosa nguvu, usiningoje mimi wala mtu yeyote hapa. Nenda lopitali siku hiyohiyo.

---

Nesi_Ibanda

Kine amesema yote ya msuli, mimi nataka kujua jambo moja. Mama, dawa yako ya tansio inaitwaje? Nenda usome kwenye karatasi yake.

---

Mama_wa_Kadutu

Imeandikwa captopril. Mara mbili kwa siku. Niliandikiwa mwaka jana baada ya kuzimia sokoni.

---

Nesi_Ibanda

Nilidhani hivyo. Captopril, pamoja na ndugu zake enalapril na lisinopril, inajulikana kwa kuleta kikohozi kikavu kwa baadhi ya watu. Hakina homa, hakina makohozi, koo linawasha tu mchana na usiku. Umeanza dawa mwaka jana, umeanza kukohoa mwaka jana. Siwezi kukuhakikishia kutoka hapa, maana kikohozi cha muda mrefu mjini kwetu lazima tukifikirie na kifua kikuu, kwa hiyo kapimwe makohozi pia kama yapo. Lakini mwambie daktari neno kwa neno: nilianza dawa hii, nikaanza kukohoa. Ana dawa nyingine za tansio za kukubadilishia. Ukibadilishiwa, kikohozi hakiishi kesho, kinachukua wiki kadhaa.

USIACHE DAWA MWENYEWE. Umeshazimia mara moja.

Na ukibadilishiwa, uliza kama hiyo mpya ni ya kukojoza. Ziko za tansio zinazofanya kazi kwa kutoa maji mwilini, kama hydrochlorothiazide na furosemide. Si mbaya, ila mtu wa soko anatakiwa kujua saa ya kuinywa, asije akainywa na kupanda taksi muda huohuo.

---

Muzee_Katuba (Lubumbashi)

Mimi ni mmoja wa hao wababa wa kimyakimya. Mama Kadutu aksanti, umetufungulia mlango.

Nina mama mdogo, yuko kijijini, ana miaka kama 55. Yeye mkojo unamtoka mchana na usiku, akilala, akikaa, hakuna kikohozi wala beseni. Ilianza zamani, alipokaa na uchungu siku nyingi na mtoto akatoka amekufa. Mume alimwacha. Anakula bukari (ugali) yake peke yake pembeni, hata harusi haendi. Sasa nikasome haya mazoezi nimfundishe kwa simu?

---

Kine_wa_Bukavu

Hapana, baba. Yeye usimfundishe mazoezi, mpeleke. Maneno yako, uchungu wa siku nyingi, mtoto aliyekufa, mkojo unaotoka bila kukoma tangu hapo, ni maelezo ya fistula. Kichwa cha mtoto kikibana muda mrefu, nyama kati ya kibofu na uke inakosa damu, inakufa, na kunabaki tundu. Mkojo haupiti tena njia yake, kwa hiyo hata msuli wa alama 5 hauna cha kuzuia. Tundu linashonwa na daktari wa upasuaji aliyejifunza kazi hiyo. Kuna kipimo rahisi: wanajaza kibofu maji ya rangi ya buluu na kuangalia yanapotokea.

Huku kwetu Bukavu, Hospitali ya Panzi ya Docta Denis Mukwege, yule aliyepewa Nobeli ya Amani mwaka 2018, inajulikana kwa kazi hiyo, na Goma kuna HEAL Africa. Ninyi mko mbali mno na huku, kwa hiyo anzia kwa daktari wa wanawake kwenye lopitali kubwa ya Lubumbashi, umuulize wazi nani anashona fistula na lini. Mara nyingi operesheni hizi zinafanywa kwa kampeni, na gharama inabebwa na mradi. Miaka kupita si kizuizi, wanashonwa hata waliokaa nayo tangu ujana.

Baada ya kushonwa, ndipo mimi naingia. Wapo ambao tundu limefungwa vizuri na bado wanavuja wakikohoa, kwa sababu msuli na mrija vilishaumia. Hao tunawafanyisha haya tunayoandika hapa.

---

Muzee_Katuba (Lubumbashi)

Fistula. Miaka yote familia inasema alilogwa na mke mwenza. Nitampigia ndugu yake leo.

---

Mama_wa_Kadutu

Nimerudi baada ya majuma kadhaa. Nilikuwa nasubiri niwe na la kusema.

Sukari haipo. Mkojo ulikuwa na maambukizi, nimekunywa dawa, kuchoma kumekwisha. Docta alinisikiliza habari ya captopril, akaniuliza nani kaniambia, nikasema watoto wangu. Kanibadilishia. Siku za kwanza niliendelea kukohoa nikakata tamaa, halafu siku moja nikagundua nimelala usiku mzima bila kuamshwa na koo.

Nilikwenda pia kwa kine, mwanamke, chumba kina pazia. Alieleza kila kitu kabla ya kunigusa, akaniuliza kama nakubali. Alinipa alama 2. Aliniambia ukuta wa mbele umeshuka kidogo, haujafika mlangoni, hauhitaji pete. Alipoweka kidole na kusema kaza, nilikaza kwa bidii zangu zote za miezi, akasema, "Mama, hapo unanisukuma nje." Tulianza upya, taratibu, kidogo kabisa, kama kupepesa jicho. Akasema ndiyo hiyo. Sikuamini kwamba ni kitu kidogo hivyo. Mimi nilidhani ni lazima nitoke jasho.

Mlangoni nasimama sasa. Majirani wanadhani nimesahau ufunguo. Mara nyingi nafika chooni, siku nyingine sifiki, hasa nikiwa nimetoka kwenye mvua. Beseni ananipandishia kijana wa jirani wa meza, nampa sambaza za kuonja. Kwenye chafya bado nashindwa, inakuja bila hodi. Na kwaya nimejaribu kukaza wimbo wote mpaka mwisho, nikatoka nimechoka vibaya na kitenge kimelowa.

Swali langu lililobaki: nikipona nitaacha, au ni la maisha?

---

Kine_wa_Bukavu

Hongera kwa kumruhusu mtu akupime, hapo ndipo wengi wanapokwama. Kutoka kusukuma hadi kuinua ni hatua kubwa kuliko kutoka 2 hadi 3.

Wimbo wote, hapana. Msuli haukuumbwa kukaza dakika tano mfululizo, unachoka na kukuachia katikati ya ubeti. Kaza pale tu unapovuta pumzi kabla ya sauti kupanda, panda nayo, kisha legeza wakati wengine wanashuka. Ikiwezekana fanya mazoezi hayo nyumbani, ukiwa umesimama, kwa sauti ndogo kwanza.

Ni la maisha, ila si kwa kipimo hiki. Maliza miezi 3 kamili, upimwe tena. Ukifika 3 au 4 na matone yamekwisha, wengi wanaweza kushuka hadi mara moja kwa siku, au hata siku chache kwa wiki, na mbinu ya kukaza kabla ya kuinua haiachwi kamwe. Ukiacha kabisa, msuli unarudi ulikotoka. Kama baada ya miezi hiyo hakuna mabadiliko yoyote, hatutakulaumu wewe, tutaangalia njia nyingine: krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni kwa huo ukavu, dawa za kibofu kinachojikaza, pete, operesheni. Krimu ni kwa karatasi ya daktari, tafadhali. Mtu aliyewahi kuwa na saratani ya matiti aseme mapema.

Jambo moja sikukuuliza: haja kubwa inakwendaje? Ukikaa ukijisukuma chooni kila asubuhi, unabomoa ulichojenga usiku. Sombe (majani ya muhogo), maharagwe, mapapai na hayo maji uliyorudisha vinasaidia. Na ukikaa chooni usijifinye wala usiharakishe, mwaga mkojo wote.

---

Mama_wa_Kadutu

Haja ngumu ninayo tangu nipunguze maji, nilidhani ni bugali. Imeanza kulainika. Aksanti, kine wangu.

---

Binti_wa_Birere (Goma)

Nimemsomea mama yangu uzi wote kwa sauti. Amejifanya hasikii, halafu akaniuliza kioo kiko wapi.

---

Muzee_Katuba (Lubumbashi)

Mama mdogo amekubali kuja mjini. Anaogopa safari ndefu ya basi, kulowesha kiti mbele ya watu. Tumfanyeje?

---

Nesi_Ibanda

Asikae bila kunywa ili asilowe, wanafanya hivyo wote na wanafika wamedhoofika. Anywe kidogokidogo. Mnunulieni pampasi za watu wazima za kutosha njia nzima, mfuko wa plastiki wa kuwekea zilizotumika, na mafuta ya kujipaka mapajani na pembeni ya uke kabla ya kuondoka, kwa sababu mkojo unachubua ngozi. Avae kitenge cheusi au cha maua mengi. Mpe kiti cha karibu na mlango, na asafiri na mwanamke anayemwamini, si wewe, baba, unisamehe.

---

Muzee_Katuba (Lubumbashi)

Ni sawa kabisa, atakuja na dada yangu. Swali la mwisho, la kwangu mimi: nimefanyiwa operesheni ya prostati (tezi dume) na nikikohoa na mimi ninavuja. Hayo mazoezi ni ya wamama tu?

---

Kine_wa_Bukavu

Hata wanaume wanayo misuli hiyo, na baada ya prostati ndiyo tunayoitegemea. Namna ya kuitafuta ni tofauti kidogo. Fungua uzi wako, baba, andika operesheni ilikuwa lini na kama mpira wa mkojo umeshatolewa, nitakujibu huko.